Fuwele kioevu: maana, asili na matumizi

Fuwele kioevu (nomino, ngeli ya i-/zi-). Hali ya maada iliyo baina ya yabisi na kimiminika: molekuli zake hutiririka, lakini huelekea upande mmoja kwa mpangilio, mithili ya molekuli za fuwele.

Asili. Mwaka 1888, mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer, aliyefanya kazi Prague, aliyeyusha kiwanja chenye asili ya kolesteroli. Kwenye nyuzi 145.5 za Selsiasi kilikuwa kimiminika chenye ukungu. Kwenye nyuzi 178.5 kikawa angavu. Mwanafizikia Otto Lehmann alipoendeleza uchunguzi huo, jina lilikuja kuunganisha maneno mawili yanayoonekana kupingana. Tafsiri haina budi kuuhifadhi upingano huo.

Matumizi. Mkazi wa Mjimwema, Songea, aingizapo tarakimu 20 za LUKU, mara nyingi husoma salio lake katika kiwambo cha fuwele kioevu kilichobanwa baina ya vioo viwili. Ipo aina nyingine, ambamo vitone vya fuwele kioevu, vyenye upana wa mikrometa chache, hutapakaa ndani ya utando wa polima. Pasipo umeme, kila kitone huwa na mwelekeo wake; mwanga hutawanyika na utando huonekana mweupe kama maziwa. Volteji ikiwekwa, molekuli hufuata uga wa umeme, vitone hupitisha mwanga sawasawa na polima inayovizunguka, na utando huwa angavu. Nyuma yake pakiwa na rangi nyeusi, weusi huo hujitokeza palipo na umeme tu. Kwa hiyo kiwambo husomeka kwa mwanga wa jua bila taa ya ndani.

Tahadhari. Tafsiri “kioo cha maji” inapotosha mara mbili. Kwanza, hamna maji. Pili, molekuli za kioo hazina mpangilio, ilhali mpangilio ndio sifa kuu ya fuwele. Mwanafunzi atakayelikariri neno hilo atakuwa amejifunza kinyume. Vilevile, *akisi* na *tawanya* si visawe: kioo cha kujitazamia huakisi, maziwa hutawanya. Neno *utando* lafaa kuliko *filamu*, ambalo huwapeleka wasomaji wengi kwenye sinema.

Mfano. *Vitone vya fuwele kioevu vilivyomo katika utando hutawanya mwanga hadi umeme utakapovielekeza upande mmoja.*