Mfumo wa upumuaji wa injini

Mfumo wa upumuaji wa injini ni sehemu ya injini ya gari inayoondoa gesi zinazokusanyika katika boksi la krenki, yaani nafasi iliyo chini ya silinda ambamo krenki huzunguka. Gesi hizo hutoka katika chumba cha mwako na kupenya kando ya ringi za pistoni. Zina petroli isiyoungua, mvuke wa maji na tindikali. Zisipoondolewa huharibu oili na kuongeza shinikizo ndani ya injini.

Zamani gesi hizo zilitolewa nje kwa bomba lililoelekea barabarani. Katika jimbo la California, Marekani, magari mapya ya modeli za 1961 yalianza kufungwa mfumo wa kuzirudisha ndani ya injini ili ziungue, kwa lengo la kupunguza uchafuzi wa hewa.

Utendaji

Hewa safi hutoka kwenye kichujio cha hewa na kuingia kwenye injini kupitia mpira. Gesi chafu hupitia valvu ndogo, iitwayo valvu ya PCV, na kuvutwa hadi kwenye manifoldi ya kuingiza hewa.

Dalili za hitilafu

Valvu au mpira ukiziba, shinikizo hupanda. Oili huvuja kwenye sili na gasketi, au huingia kwenye boksi la kichujio cha hewa. Valvu ikikwama wazi, au mpira ukipasuka, hewa ya ziada huingia na injini hutetemeka ikiwa imewashwa bila gari kwenda.

Upimaji

Katika magari mengi ya zamani valvu huchomolewa kwa mkono. Injini ikiwa imezimwa, valvu hutikiswa: nzima hutoa mlio, iliyoganda hukaa kimya. Kisha huunganishwa tena na mpira wake na injini huwashwa. Kidole kikiwekwa kwenye mdomo wa valvu kinapaswa kuhisi mvuto. Mvuto usipokuwepo, valvu, mpira na tundu la manifoldi hukaguliwa.

Ikiwa vyote ni vizima lakini moshi bado unatoka kwa nguvu kwenye tundu la kujazia oili, huenda ringi au silinda zimechakaa. Hilo huthibitishwa kwa kupima kompresheni.

Ukaguzi huu hutangulia ubadilishaji wa sili au ufunguaji wa injini. Sili mpya ikifungwa wakati valvu bado imeziba, shinikizo ni lile lile na oili huvuja tena.