Vishale: Fedha Iko Kwenye Matangazo

Mchezo wa vishale, uliokulia katika baa za Uingereza, sasa ni biashara ya mamilioni. Mwaka 1994 wachezaji maarufu waliojitenga na chama cha BDO walifanya mashindano yao ya kwanza ya dunia. Bingwa Dennis Priestley alipata pauni 16,000. Bingwa wa 2026, Luke Littler, alizoa pauni milioni 1.

Siri ni haki za matangazo. Mwaka 2025 waandaaji, PDC, walitangaza mkataba na Sky wa pauni milioni 125 kwa miaka mitano. Televisheni huleta wadhamini; zawadi nono huleta nyota.

BDO iliuza tiketi chache, ikapunguza zawadi, na mwaka 2020 kampuni yake ya biashara ikafilisika.

Mwekezaji aangalie kwanza mkataba wa televisheni, na lini unakwisha.