Vidonge munane juu ya kabati

Fikiri kidogo nyumba moja ya cité, karibu na machimbo. Baba ametoka hospitali. Jiwe lilimuangukia, mufupa wa muguu ukavunjika, munganga akamupasua na kutia chuma. Alipotoka alipewa tramadol: kidonge kimoja cha miligrama 50 kila masaa sita, siku tano. Siku ya tatu ikiisha, maumivu yamepunguka, baba anaacha. Vinabaki vidonge munane. Mama anaviweka juu ya kabati, «vitatusaidia siku ingine». Kisha juma moja kijana wa nyumba, mwenye kubeba mifuko ya mawe, anaumwa mugongo. Anakumbuka kabati.

Wengi wetu tunaijua nyumba hiyo. Pengine ni ya kwako.

Tramadol ni dawa ya kweli. Ilianza kuuzishwa katika Ujerumani mwaka 1977, na ni ya jamaa moja na morfini. Haiponyeshe mufupa hata kidogo. Inafanya kazi mu bongo, inapunguza sauti ya maumivu wakati mwili unajiponyesha. Mbele ya kuandika karatasi, munganga aliuliza maneno mengi: miaka ya baba, mafigo yake, pumuzi yake, kama amekwisha kuwa na kifafa, dawa gani ingine anakunywa. Hakuuliza hayo juu ya kijana. Tena maini ya mutu ndiyo inageuza tramadol kuwa kitu chenye nguvu zaidi, na maini ya watu haifanane: mumoja inageuza mbio, mwingine polepole. Kidonge kilichomutuliza baba kinaweza kumulemea mutoto wake. Ndiyo sababu mutoto asiyetimiza miaka 12 hapewi, na mama mwenye kunyonyesha anapaswa kumwambia munganga mbele.

Sasa kijana wetu. Kule machimbo banasema: «Ile dawa inatoa nguvu.» Hapana, ndugu. Mugongo ulikuwa unalia «weka mufuko chini», na weye umeufunga kinywa. Nyama ya mugongo inaendelea kupasuka, ila husikii. Na kichwa kinazunguka pale pale unaposhuka mu shimo kwa kamba. Kisha majuma machache mwili unazoea, kimoja hakitoshi, unatafuta viwili, vine. Mutu mukubwa hapaswi kupita miligrama 400 kwa siku moja, na hiyo ni mupaka, si kipimo cha kutafuta. Ukizidisha, tramadol inaweza kukuangusha na kifafa hata kama haujakuwa nacho tangu kuzaliwa. Tena, vya sokoni unajua namna gani ni kiasi gani? Katika Afrika ya mangaribi walikamata vidonge vya miligrama 225, kipimo ambacho waganga hawaandike. Inde, kulikotoka vingi, iliweka tramadol chini ya sheria ya madawa ya kulevya mwaka 2018.

Neno lenye kuua mbio zaidi ni kuchanganya. Tramadol na lutuku, ao na diazepam ya kulalia: zote zinapunguza pumuzi. Mutu analala, anakoroma namna isiyo ya kawaida, na wenzake banacheka, «amechoka, mumuache». Musimuache! Mumuite, mumutikise. Kama haamuke, kama pumuzi ni ya mbali-mbali, midomo inakuwa ya buluu na mboni ya macho imekuwa ndogo sana, mumulaze kwa ubavu na kumupeleka hospitali saa ile ile. Musimupe maziwa wala mafuta ya ngazi, yataingia mu mapafu. Akitetemeka kwa kifafa, musitie kijiko mu kinywa. Na mumwambie muuguzi ukweli wote juu ya kile alichokunywa. Hakuna haya pale. Iko dawa, naloksoni, inayorudisha pumuzi.

Lakini kuko kosa la upande mwingine, na mimi naliona zito vilevile. Mama mwenye kansa ya kizazi analia usiku kucha, na chupa ya morfini iko mu sanduku, sababu jamaa wanaogopa «atazoea». Mumupe! Kipimo cha munganga, kwa saa zake, bila kungojea alie. Tumbo litafunga, hilo tujue. Muombe dawa ya kulegeza tumbo siku ile ile ya kwanza, na anywe maji. Na mwenye kukunywa dawa hizi majuma mengi asiache siku moja: jasho, kutapika na kukosa usingizi vitamurudisha mbio. Munganga atapunguza kidogo kidogo. Kijana aliyekwisha kushikwa naye apelekwe kwa munganga vilevile. Wazazi, kumufungia mu chumba si dawa.

Tubakie na vile vidonge munane. Mama avihesabu na kuvirudisha kwa farumasi ya hospitali. Kama ni mbali, avichanganye na udongo ndani ya sachet, aifunge vizuri, aitupe mu shimo la takataka. Siku dawa ingali ya lazima, ikae mu sanduku lenye ufunguo.

Na mugongo wa kijana? Aache mifuko siku kadhaa, akunywe paracetamol kwa kipimo chake, atembee polepole kuliko kulala siku nzima. Lakini kama miguu inakufa ganzi, ao mukojo unakataa kutoka, asingojee kesho. Ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kwa kubebwa.