DHAHABU YA SEKENKE

Huenda siku moja ukilima utaokota jiwe jeupe lenye chembe za njano. Je, ni dhahabu? Na kama ni dhahabu, ni mali ya nani? Tusome habari za Sekenke.

Sekenke iko wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida. Wajerumani walianza kuchimba dhahabu hapo mwaka 1909. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, fedha kutoka Ujerumani hazikuweza kufika. Kwa hiyo mwaka 1916 walitengeneza sarafu huko Tabora kwa dhahabu ya Sekenke. Sarafu moja ilikuwa ya rupia 15, nayo ilikuwa na picha ya tembo. Baada ya vita Waingereza walitawala nchi. Mgodi ulifungwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Baadaye wachimbaji wadogo walichimba huko.

Dhahabu iliingiaje katika mwamba?

Miamba ya Sekenke ina umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Zamani hizo maji ya moto sana yalipanda kutoka chini ya ardhi. Yalipita katika nyufa za miamba. Maji hayo yalibeba dhahabu kama chai inavyobeba sukari: ipo, lakini huioni. Maji yalipopoa, yaliacha mawe meupe katika nyufa, na mahali pengine chembe za dhahabu. Ndiyo maana watafutaji huyafuata mawe meupe. Lakini mengi hayana kitu.

Utaitambuaje?

Liko jiwe la njano lenye chuma na kiberiti. Linang'aa, na limewadanganya wengi. Ligonge kwa nyundo: litavunjika na kuwa unga. Dhahabu haivunjiki, hubonyea. Tena dhahabu ni nzito mno. Ukichekecha mchanga na maji katika karai, dhahabu hubaki chini.

Hata ukipata chembe, bado hujapata mgodi. Wataalamu huchunguza mchanga wa makorongo, huchimba mitaro, hutoboa mwamba kwa mashine, na hupima mawe katika maabara. Kazi hiyo huchukua miaka.

Ni mali ya nani?

Kwa sheria ya Tanzania, madini yote yaliyo ardhini ni mali ya Jamhuri. Anayetaka kuchimba lazima apate leseni kutoka Tume ya Madini. Leseni ndogo hupewa Watanzania. Lakini leseni haifuti haki yako juu ya nyumba na shamba lako. Mtu akikuletea karatasi ya makubaliano, usiweke dole gumba kwa haraka. Isome yote. Usipoelewa, uliza ofisi ya kijiji au ofisi ya madini. Sasa unajua kusoma. Tumia elimu yako kulinda mali yako.

Maswali

1. Sarafu za mwaka 1916 zilitengenezwa wapi?
2. Kwa nini watafutaji hufuata mawe meupe?
3. Utafanya nini kabla ya kukubali shamba lako lichimbwe?