Mlango wa Galveston Ungali Wazi

Pwani ya Texas, nchini Marekani, ilipewa onyo mara mbili kabla ya msiba wake mkubwa. Bandari ya Indianola ilipigwa na kimbunga mwaka 1875, ikajengwa upya, ikapigwa tena mwaka 1886, na safari hii wakazi wakauhama mji wasirudi. Katika pwani hiyohiyo, mji wa Galveston ulikuwa juu ya kisiwa cha mchanga ambacho hata sehemu yake ya juu kabisa haikufika mita 3 kutoka usawa wa bahari. Wapo waliotaka ukuta ujengwe, hawakusikilizwa. Mwaka 1891 Isaac Cline, mkuu wa ofisi ya hali ya hewa mjini humo, aliandika gazetini kwamba hofu ya Galveston kuangamizwa na kimbunga ni upuuzi. Septemba 8, 1900, bahari ilipanda zaidi ya mita 4 na kukifunika kisiwa. Makadirio yanayotajwa zaidi ni ya watu 8,000 waliokufa, na mpaka leo hakuna janga la asili lililoua watu wengi kuliko hao katika historia ya Marekani. Ukuta ulioonekana hauna haja kabla ya maafa ulianza kujengwa mwaka 1902, na sehemu ya kwanza ikakamilika mwaka 1904.

Miaka iliyopita kati ya onyo na ukuta ndiyo inayonisumbua. Wenye ujuzi huwa wameshaona hatari, lakini serikali hufungua mkoba baada ya mazishi. Nchini Uholanzi wahandisi, akiwemo Johan van Veen, walikuwa wameonya kwamba kingo za bahari ni fupi. Kazi kubwa ya kuziba milango ya bahari ilianza baada ya mafuriko ya Februari 1953 kuua watu 1,836. New Orleans ilisubiri kimbunga Katrina cha Agosti 2005, kilichofunika kwa maji takribani asilimia 80 ya mji, ndipo ikapata mfumo mpya wa kuta, malango na pampu uliogharimu zaidi ya dola bilioni 14. Ninachodai katika makala haya ni kwamba mpango wa kuikinga pwani upimwe kwa jambo moja: je, unaweza kusonga mbele bila kusukumwa na maiti? Kwa kipimo hicho, Texas ya leo inanitia wasiwasi kuliko ya mwaka 1904.

Ili kuelewa kwa nini, tuangalie maji yenyewe. Kinachoua watu wengi pwani si upepo wa kimbunga bali bahari inayosukumwa na upepo huo. Msomaji wa pwani anaijua bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida. Basi afikirie bamvua iliyopandishwa mita kadhaa zaidi, inayosukumwa nchi kavu kwa saa nyingi na mawimbi yakipiga juu yake. Pale ambapo sakafu ya bahari ni pana na ya kina kifupi, kama mbele ya Texas, maji hayana pa kukimbilia ila juu. Kwa hiyo daraja la kimbunga, linalopimwa kwa kasi ya upepo, huwapotosha watu. Kimbunga Ike cha Septemba 13, 2008 kilitua Galveston kikiwa cha daraja la 2 tu, lakini kwa kuwa kilikuwa kipana mno, kilipandisha bahari mita 4 hadi 6 katika rasi ya Bolivar, ng'ambo ya kisiwa. Barabara za rasi zilifunikwa saa nyingi kabla ya upepo mkali kufika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Galveston walijenga ukuta, na ufa ukabaki nyuma. Maji ya Ike yalipita kwenye mlango wa ghuba, uitwao Bolivar Roads, yakaijaza Ghuba ya Galveston na kuuingia mji kwa nyuma.

Mwaka uliofuata Bill Merrell, mtaalamu wa sayansi ya bahari wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, tawi la Galveston, alipendekeza mlango huo uzibwe kwa malango makubwa ya mtindo wa Kiholanzi, yanayobaki wazi kwa meli na kufungwa kimbunga kinapokaribia. Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani na serikali ya jimbo walikamilisha uchunguzi wao mwaka 2021, na mwishoni mwa mwaka 2022 Bunge la Marekani likauidhinisha mradi: malango ya Bolivar, takribani kilomita 69 za fukwe na vilima vya mchanga, na kingo za kuuzunguka mji wa Galveston upande wa ghuba. Gharama ilikadiriwa dola bilioni 34, na mfumuko wa bei unaweza kuifikisha bilioni 57. Lakini kuidhinisha si kutoa fedha. Sehemu kubwa ya fedha za ujenzi haijatengwa, na kazi yenyewe inakadiriwa kuchukua kama miaka 20. Sababu mojawapo, kwa maoni yangu, ni kwamba watu wengi walihama kabla ya Ike kufika, kwa hiyo vifo havikukaribia vile vya mwaka 1900. Onyo na uhamishaji viliokoa maisha, na papo hapo vikapunguza msukumo wa kujenga.

Wanaopinga wana hoja nzito. Kwanza ni gharama. Ila Ike peke yake kilileta hasara ya takribani dola bilioni 30 nchini Marekani, na hakikupita njia mbaya kuliko zote. Kingetua kusini-magharibi kidogo tu, pepo zake kali zingeyasukuma maji ya ghuba kuelekea njia ya meli ya Houston, yenye maelfu ya matangi ya mafuta na kemikali. Hoja ya mazingira inanigusa zaidi. Nguzo za malango zitapunguza upana wa njia ambayo maji hujaa na kupwa, na kamba na kaa wachanga huipita njia hiyo kuingia ghubani kukua. Jibu lake ni kufanya uchunguzi makini mapema, wala si kuwaona wanamazingira kama maadui. Mwaka 1977 mahakama ilisimamisha malango yaliyopangwa karibu na New Orleans kwa kuwa uchunguzi wa mazingira haukutosha. Wahandisi wakageukia kuinua kingo, na malango hayakuwepo Katrina ilipokuja. Wananchi nao wakisikilizwa, mradi hauharibiki: rasimu ya Texas ya mwaka 2018 ilitaka kingo ndefu, wenyeji wakakataa, na vilima vya mchanga vikachukua nafasi zake.

Iko hoja ya tatu, kwamba lango haliwezi kuzuia kila kitu. Ni kweli. Ghuba ni pana kiasi kwamba upepo unaweza kuyarundika maji yake hata mlango ukiwa umefungwa, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Rice wanapendekeza kinga nyingine ndani ya ghuba, kandokando ya njia ya meli. Hiyo ni sababu ya kutosubiri lango moja kubwa. Agosti 29, 2021, miaka 16 kamili baada ya Katrina, kimbunga Ida kiliipiga Louisiana. Kuta mpya za New Orleans zilistahimili. Mji jirani wa LaPlace, ambao kinga yake ilikuwa bado inajengwa, uliingiwa na maji. Kwa hiyo Texas ianze na vinavyoweza kukamilika mapema: vilima vya mchanga, kingo za upande wa ghuba, sheria kali za matangi, nyumba zilizoinuliwa, na usafiri wa uhakika kwa wasio na magari pale amri ya kuhama inapotolewa. Bunge nalo litenge fedha za malango kila mwaka, kama linavyotenga za barabara, bila kungoja kimbunga kingine kiwashawishi wabunge.

Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza Juni 1 kila mwaka na kuisha Novemba 30. Katika miezi hiyo sita, mlango wa Bolivar Roads, wenye upana wa takribani kilomita 3, hauna lango hata moja.