"Maumivu Sugu" na Yoga: Tatizo la Mfasiri

Kwa asili, sugu ni ngozi iliyofanya ugumu kwa kusuguliwa mara kwa mara, kama ile ya kiganja cha mkulima. Kutoka hapo neno likapanuka kumaanisha kitu kisichosikia dawa wala onyo: donda sugu, mhalifu sugu na, siku hizi, usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Wafasiri wa maandishi ya afya hulitumia neno hilohilo kwa maumivu yanayodumu au kurudiarudia kwa zaidi ya miezi 3. Hicho ndicho kipimo cha Shirika la Afya Duniani katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Lakini kipimo hicho chahesabu muda tu. Hakisemi kwamba maumivu hayo yamekataa matibabu. Mgonjwa wa kiuno aambiwaye ana "maumivu sugu" aweza kuelewa kuwa hana la kufanya, akajilaza kitandani, na huko kujilaza ndiko kudhoofishako misuli ya mgongo. Afadhali tuseme "maumivu ya muda mrefu", hata kama istilahi yenyewe nayo ni ndefu!

Mwaka 2017 chama cha madaktari wa Marekani, American College of Physicians, kilishauri kwamba maumivu ya kiuno ya namna hii yaanze kushughulikiwa bila dawa, na yoga ilikuwa miongoni mwa njia kilizozitaja. Faida iliyoonekana katika utafiti si kubwa: mtu huinama na kutembea kwa urahisi kidogo zaidi, na wengine huzidi kuumwa. Kwa hiyo kitenzi "kuponya" hakifai hapa. Kinachofaa ni "kumudu": maumivu yapo, lakini mwenyewe anayaweza.

Jina "yoga" lenyewe latokana na mzizi wa Kisanskriti wenye maana ya kuunganisha, kama ng'ombe wafungwavyo nira. Yafaa libaki lilivyo, kwani "mazoezi ya viungo" huacha nje pumzi na utulivu wa moyo. Asana, ambayo kwa asili ni kule kukaa, yapata "mkao" bila taabu. Pranayama iwe "udhibiti wa pumzi".

Uangalifu mkubwa zaidi wahitajika katika maelekezo. "Nyoosha mguu mpaka mwisho" ni agizo la hatari kwa mgonjwa. Aandikiwe hivi: "Nyoosha mpaka uhisi msuli unavutwa, ukianza kuumwa, legeza."