Tendi, Taifa na Mjakazi Saada

Kila taifa hudai kuwa lina kitu ambacho wengine hawana. Katika fasihi, kitu hicho mara nyingi ni utendi. Kwa muda mrefu wataalamu wa Ulaya waliuona utendi kuwa mali ya Wagiriki na warithi wao, yaani wao wenyewe. Mwaka 1970 Ruth Finnegan, katika kitabu chake juu ya fasihi simulizi ya Afrika, aliandika kuwa utendi si utanzu wa kawaida barani humu. Wakati huo Biebuyck na Mateene walikwisha kuchapisha, 1969, utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa Kongo ya mashariki! Wakajibu Okpewho (1979) na, hapa kwetu, M. M. Mulokozi aliyechunguza tendi za Kihaya. Majibu hayo yalihitajika, wala sina ugomvi nayo.

Ninalotaka kulieleza ni jinsi mwanamke anavyoburutwa katika mashindano haya. Mwaka 1858 Gladstone, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alitoa kitabu juu ya Homer, na ndani yake aliisifu hali ya wanawake wa tendi zile. Mwanamke akawa kipimo cha ustaarabu. Nasi tumeshika kipimo kilekile: wao wana Penelope, sisi tuna mama yake Liyongo, basi tumewafikia.

Mimi natoka Magindu, Kibaha, katika nchi ya Wazaramo na Wakwere, ambao kwa desturi yao ya zamani ukoo ulihesabiwa kwa mama. Kwa hiyo naujua utamu wa kusema "kwetu mwanamke ana hadhi." Lakini jamani, ukoo kupitia kwa mama ni jambo moja, na mama kuwa na kauli ni jambo jingine. Mara nyingi mwenye kauli alikuwa mjomba.

Sasa tuzitazame tendi zenyewe. Penelope anafuma mchana na kufumua usiku, miaka mitatu, awazuie wachumba. Ni werevu usio na mfano. Hata hivyo, mwanzoni kabisa mwanawe Telemachus anamwamuru arudi chumbani kwake, naye anatii. Na Odysseus akisharudi, wajakazi kumi na wawili wananyongwa kwa kuwa walilala na wachumba hao. Penelope wakati huo amelala ghorofani. Wanaomsifu Penelope hawapendi kukaa sana mahali hapo.

Tugeukie kwetu. Katika utendi wa Fumo Liyongo alioutunga Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, shujaa yuko kifungoni, na chakula kizuri anacholetewa huliwa na walinzi. Anampa mjakazi Saada ujumbe kwa shairi la fumbo: mama aoke mkate wa wishwa, ndani yake atie tupa. Walinzi wanakula vinono, makapi wanamwachia mfungwa, na pingu zinakatwa huku ngoma ya gungu ikifunika sauti ya chuma.

Wahakiki humsifu mama, na ni haki yake. Lakini hebu fikiri: ni nani aliyelibeba shairi lile kichwani, mbele ya walinzi, akalifikisha bila kupoteza neno? Ni nani aliyepita na tupa mlangoni? Angekamatwa, angekufa yeye kwanza. Kwa maneno mengine, Saada ndiye mghani wa kwanza ndani ya utendi huu, na ni mtumwa.

Nadhani ndiyo sababu hatumtaji. Ukimtaja Saada, lazima utaje pia utumwa wa pwani yetu, na hapo sifa ya taifa inaanza kuchechemea, kama inavyochechemea kwa wale kumi na wawili wa Ithaca. Bibi mwenye nyumba anafaa kuwa nembo. Mjakazi anauliza maswali.

Pingu zikisha kukatika, utendi unamfuata Liyongo mwituni, kisha unarudi kwa mama, anayepelekwa kisimani kumbembeleza mwana ambaye amekwisha kufa. Anayetaka kuandika juu ya wanawake wa utendi huu aanze nyuma kidogo, pale mlangoni pa gereza, kwa yule aliyeshika sahani.